Koti la Vifungo Vitatu

Ukiingia hospitali ile kwa mlango wa mbele, ukapita dirisha la dawa, ukapita mizani iliyokuwa ikimwongezea kila mtu kilo mbili bila kumuuliza, ukafika mwisho wa korido pale ambapo taa ilikuwa ikikonyeza kama mtu mwenye siri, ungekuta mlango wa kijani uliopakwa rangi nusu. Nusu ya chini tu. Mpaka rangi alisema kopo limeisha, na mwenye chumba akamwambia aiache hivyo hivyo, maana wateja wake wengi hiyo nusu ya juu hawaifikii hata kwa macho.

Mwenye chumba alikuwa mwanasaikolojia wa watoto. Kibao cha mlangoni kilisema hivyo. Lakini nani ana pumzi ya kutamka neno refu namna hiyo akiwa amebeba mtoto analia? Watu walimwita Mama Vifungo, naye akaitika, kwa sababu jina ukishapewa na watoto hata uende mahakamani halifutiki.

Vifungo vyenyewe vilikaa kwenye kopo la biskuti lenye picha ya farasi kwenye kifuniko. Kila mtoto mpya alilifungua kwa matumaini makubwa, na kila mtoto alipata pigo lile lile la moyo.

"Biskuti ziko wapi?"

"Zililiwa kabla hujazaliwa."

"Nani alizila?"

Hapo mazungumzo yalikuwa yameshaanza, na mgonjwa hajui kama ameanza kutibiwa. Baadaye mtoto angechagua vifungo vya watu wa nyumbani kwao, kila mtu na chake, akavipanga mezani anavyotaka. Kuna mmoja aliyemchagulia baba yake kifungo cha dhahabu kinachong'aa, kisha akakiweka mbali kabisa, ukingoni, nusu kinaanguka. Kuna mwingine aliyempa mama wa kambo kifungo chenye matundu manne "kwa sababu anaona kila kitu." Mama Vifungo hakucheka. Alicheka jioni, peke yake, akiosha vyombo.

Miezi ile ilikuwa yake ya mwisho kabla ya kustaafu. Mrithi hakuwepo, wakubwa walisema nafasi itajazwa bajeti ikiruhusu, na bajeti, kama tunavyoijua, haina haraka, kama mtu asiye na watoto. Chumba kingegeuzwa stoo ya mafaili. Alipokikuta kilikuwa stoo ya magodoro yaliyochakaa, sasa kinarudi kuwa stoo. Kwa hiyo maisha yake yote ya kazi yalikuwa mapumziko mafupi kati ya stoo mbili. Alilisema hilo kwa utani kwa dada wa mapokezi, kisha akaingia chumbani kwake akakaa kwenye kiti cha watoto, magoti yakimgusa kidevu, asijue aanze kufungasha kitu gani.

Ndipo katika miezi hiyo hiyo ya kufunga virago akaletewa msichana wa darasa la kwanza, mwembamba, soksi moja juu na moja chini, ameshikwa mkono na baba yake aliyevaa ovaroli lenye harufu ya gesi na kutu.

"Shikamoo, daktari."

"Marahaba. Mimi si daktari, baba, sina hata sindano. Karibuni."

"Sasa nikuite nani?"

"Watoto wananiita Mama Vifungo."

"Mimi mtu mzima, mama."

"Utazoea."

Mtoto akaelekezwa kwenye kopo. Alilifungua, akatazama vifungo, hakuuliza biskuti. Huyo alikuwa wa kwanza kutouliza. Mama Vifungo aliona hilo akaliweka moyoni.

"Mimi ni fundi friji," baba akaanza. "Friji ikinyamaza najua: ama umeme, ama gesi, ama mota. Nafungua nyuma, nacheki. Sasa huyu," akamtazama binti yake, "sijui pa kufungulia."

"Watoto hawafunguliwi kwa bisibisi, baba. Wanafunguka kwa ndani."

"Zamani tulimwita Redio, mama. Anaamka anaimba, anaoga anaimba, akila anatangaza anachokula. Bibi yake, yaani mama yangu mzazi, ndiye aliyekuwa msikilizaji wake mkubwa. Sasa tangu bibi... tangu bibi aondoke, kimya. Nyumbani kimya, shuleni kimya. Masikio yamepimwa, koo limepimwa, vizima."

"Bibi ameondoka kwenda wapi?"

Baba akakohoa. "Amesafiri," akasema, na macho yake yakamwomba Mama Vifungo asiulize la pili.

Walitoka korido dakika moja tu, yeye na yule baba, wakaufunga mlango. Hapo ndipo aliposikia yote. Bibi alikuwa amefariki miezi iliyopita. Mtoto alipelekwa kwa jirani siku ya mazishi, akarudi akaambiwa bibi kasafiri. Na mwalimu mkuu amesema muhula ukiisha mtoto hajatoa neno, atahamishiwa shule ya watoto wasiosikia.

"Na anasikia, mama! Ukifungua pipi chumba cha tatu anasikia!"

"Mwambie ukweli, baba. Mwambie bibi amekufa."

"Nimwambie mtoto habari za kifo? Hapana. Aanze kuongea kwanza, ndiyo nitamwambia."

"Na kama anasubiri kuambiwa ndiyo aongee?"

Baba alitazama taa inayokonyeza. "Wewe ndiye uliyesoma," akasema. Katika kinywa cha mtu aliyechoka, maneno hayo maana yake ni kwamba mazungumzo yamekwisha.

Kusoma, ndiyo, alisoma. Lakini shule yake ya kwanza ilikuwa chini ya meza ya cherehani.

Mama yake alikuwa fundi nguo, na cherehani yake ilikaa dirishani, kwenye chumba kimoja walichokitumia kwa kulala, kula na kupokea wateja. Chini ya meza ile ndiyo ilikuwa dunia. Huko kulikuwa na harufu ya mafuta ya cherehani na vumbi la chaki, vipande vya vitambaa vikidondoka kama majani, na miguu ya mama ikipanda na kushuka kwenye pedeli. Binti alikaa humo na kopo lile lile la farasi, akiwapanga watu. Mama ni kifungo kikubwa cha koti. Baba ni cha suruali. Shangazi ni kile chekundu cha gauni la sherehe, maana alikuwa hapiti mahali asionekane.

Na mama yake alikuwa na neno moja ambalo wahadhiri baadaye walimfundisha kwa vitabu vizito na michoro ya mishale: "Mtoto ni uzi uliojifunga. Ukivuta, umekaza." Wateja wakiingia wakainama chini ya meza, "We mtoto, mbona unajificha? Njoo tukuone!", mama aliwaambia bila kuinua macho, "Mwacheni. Akimaliza atatoka." Akaendelea kushona, akiongea na kitambaa.

Alianza kazi kama mwalimu wa darasa la kwanza. Mwaka wake wa kwanza alikuwa na mtoto anayeingia chini ya dawati kila somo la hesabu, kama askari anayesikia ving'ora. Wenzake walipendekeza fimbo. Yeye alishuka huko chini na sketi yake ya kazi, akakaa. Mwalimu mkuu akapita dirishani.

"Mwalimu! Umepoteza nini huko chini?"

"Mwanafunzi, mwalimu mkuu."

Kesi ile ilifika ofisini, lakini mtoto alitoka chini ya dawati, na mwalimu akatoka na hamu ya kujua kwa nini ametoka. Hamu hiyo ndiyo iliyompeleka chuo akiwa mtu mzima. Siku ya kuondoka mama yake alimvalisha koti la kahawia alilolishona kwa wiki nzima, kitambaa kizito cha baridi, vifungo vinne vikubwa kama sarafu. "Huko kuna baridi," mama alisema, akavifunga kimoja kimoja kwa mikono yake, kana kwamba anafunga mlango wa nyumba.

Alirudi na cheti kikubwa. Familia ilikaa kumsikiliza aeleze kazi yake. Alieleza vizuri: mtoto hawezi kusema yaliyomo moyoni kama mtu mzima, ila anaweza kuyacheza, mchezo ndio lugha yake, midoli ndiyo maneno yake. Watu walitikisa vichwa kwa heshima. Kisha shangazi akauliza, "Kwa hiyo umesoma miaka yote hiyo uje ulipwe kwa kucheza na watoto?"

"Ndiyo, shangazi."

"Mbona hawa wanangu wanacheza bure?"

Utani huo ulimfuata miaka yote, na shangazi alihakikisha hauzeeki.

Na kweli, kwa mtu anayechungulia, ilionekana kama mchezo. Mtoto mwenye hofu alipewa maji ya sabuni apulize mapovu, maana huwezi kupuliza povu kubwa ukiwa unahema kama umefukuzwa. Mapovu yakikubali, kifua kimetulia. Mtoto aliyeogopa mbwa mpaka akaacha kwenda shule alipandishwa ngazi moja baada ya nyingine. Kwanza picha ya mbwa, ndogo, mbali. Kisha picha karibu. Kisha mbwa wa kitambaa. Kisha mbwa wa mlinzi wa geti, kutoka dirishani, halafu kutoka ngazini. Mwisho mtoto akawa anampelekea mkate. Mbwa yule alinenepa mpaka mlinzi akalalamika kwamba mwizi akija mbwa atamwomba kiti.

Lakini kulikuwa na jambo moja la kazi ambalo lilimgharimu jina mtaani. Alikuwa hamsalimii mtoto yeyote anayemtibu wakikutana nje, mpaka mtoto amsalimie kwanza. Huenda mtoto yuko na rafiki zake. Huenda mama yuko na jirani mwenye mdomo. "Habari yako, mwanangu!" moja tu, na kesho yake mtaa mzima unauliza, yule mama wa hospitali anamjulia wapi mtoto wa fulani? Kwa hiyo alipita. Aliwapita watoto aliowafuta machozi kwa mikono yake, akitazama mbele kama kondoo aliyekasirika. Watu walisema anaringa, kisomo kimemwondolea adabu. Aliwaacha waseme. Kuonekana huna adabu kwa ajili ya mtoto wa mtu ni kazi pia, ingawa hailipwi.

Basi, huyo ndiye aliyekaa sasa mbele ya msichana asiyesema.

Wiki za mwanzo zilikwenda kama alivyozijua. Hakuuliza kitu. Mtoto alichagua vifungo, kimoja chekundu kidogo, kimoja cha bluu, akavisogeza, akavirudisha. Mama Vifungo alitaja tu anachokiona, "Chekundu kimesogea," kisha akanyamaza. Alikuwa bingwa wa kunyamaza. Lakini nyuma yake makaratasi yalikuwa yanaanza kuingia, maboksi ya mafaili yaliyoletwa mapema na kupangwa ukutani, na kila wiki ukuta ulisogea. Muhula ulikuwa ukingoni, na yeye pia.

Na haraka, hata kwa mtu mwenye cheti, ni haraka tu.

Siku moja mtoto alikuwa amepanga vifungo vya nyumbani kwao na akaacha nafasi tupu katikati, duara kabisa, kama sahani iliyoondolewa mezani. Mama Vifungo aliitazama nafasi ile, akatazama maboksi, na ulimi ukamtoka.

"Na bibi yuko wapi, mwanangu?"

Mtoto alikunja vidole. Akafuta vifungo vyote kwa kiganja kimoja, vikaanguka sakafuni kama mvua, kisha akashuka kwenye kiti, akatoka, akaenda kukaa korido na uso wake ukutani. Wiki iliyofuata hakuingia kabisa. Alikaa kwenye benchi chini ya taa inayokonyeza.

Dada wa mapokezi, ambaye Mungu alimpa sauti ya kutangazia uwanja wa mpira akaishia kuita namba za wagonjwa, alijaribu kunong'ona. "Mama, ulimfanya nini huyu?" Wagonjwa wote waligeuka.

"Nimevuta uzi," akasema Mama Vifungo.

Jioni ile alifika nyumbani akakaa mbele ya cherehani ya marehemu mama yake, ambayo siku hizi ilikuwa meza ya kuwekea chaja za simu na dawa za shangazi. Aliweka mguu kwenye pedeli. Na pedeli ikamrudishia kitu ambacho alikuwa hajakigusa muda mrefu.

Baba yake alikuwa amekufa kazini, mbali, na watu wakubwa walimwambia binti kuwa baba bado yuko kazini. Alikaa chini ya meza siku nyingi, hasemi kitu. Mama hakumuita. Ila kila mara kifungo kilidondoka kutoka juu. "Kimeanguka, niokotee." Mkono mdogo unakipandisha, mkono mkubwa unakipokea. Kinaanguka tena. Fundi yule hakuwahi kuangusha kifungo maisha yake, sasa ghafla vidole vimekuwa siagi. Kikadondoka, kikapanda, kikadondoka, mpaka siku moja pamoja na kifungo ikapanda sauti:

"Mama, baba atarudi?"

Cherehani ikasimama. Mama yake hakuwahi kuisimamisha katikati ya mshono. Alisema mshono ukikatwa katikati, nguo inakumbuka. Siku ile aliisimamisha. "Harudi, mwanangu. Amekufa." Akashuka chini ya meza na yeye, na vipande vya vitambaa vikawajaa kichwani, na wateja waliokuja walikuta kiti kitupu na cherehani ina nusu ya gauni.

Alikumbuka harufu ya chaki kwenye bega lile. Alikaa hapo hadi shangazi aliposema, "We, hiyo mashine haina umeme, unaendesha kwenda wapi?"

Wiki iliyofuata alivaa koti la kahawia. Lilikuwa limechakaa viwikoni, lakini vifungo vinne vilikuwa vile vile, mikono ya mama yake bado ndani yake. Kabla mtoto hajafika alikata uzi wa kimoja. Akaweka kopo la farasi sakafuni, akaingia chini ya meza na mgongo wake wa kustaafu, ambao ulipinga kwa sauti, akaupa mlango kisogo, akaanza kushona.

Alisikia soksi zinakuja mpaka mlangoni, zikasimama.

Kifungo kikamdondoka. Kikabiringika.

"Lo, kimeanguka," akakiambia kitambaa. "Vidole vya uzee hivi."

Kisha kifungo kikarudi, kimesukumwa kwa ncha ya kiatu. Akashukuru sindano yake. Kikadondoka tena. Safari hii kilirudi na mkono. Na baada ya muda, chini ya meza wakawa wawili.

Mtoto hakukirudisha tena. Kifungo kile kikubwa cha kahawia alikiweka sakafuni, katikati, akakifunika na kipande cha kitambaa hadi kwenye shingo, kama mtu anayefunikwa alale. Akatafuta kile chekundu kidogo kwenye kopo. Chekundu kikaja karibu, kikaanza kuruka, tap, tap, tap, kikicheza pembeni ya kitanda. Kikaruka sana. Kisha mtoto akakivua kifungo kikubwa kitambaa, akakisukuma taratibu kwa kidole, mbali, mpaka chini ya maboksi ya mafaili kisionekane. Akachukua kikombe cha plastiki akakifunikiza juu ya chekundu. Akaketi, mkono juu ya kikombe, akakibana.

Mama Vifungo aliendelea kushona hewa. Moyo wake ulikuwa unapiga kama pedeli.

"Hiki chekundu," akakiambia kitambaa, polepole, "nadhani kinajua kuimba. Na nadhani kinaamini kelele zake ndizo zilizomwondoa huyu mkubwa. Kwa hiyo kimejifungia humo. Kinasubiri. Labda kikinyamaza sana, atarudi."

Mtoto aliinua ukingo wa kikombe, kidogo tu, upana wa kidole, akauacha hivyo.

Baba aliitwa siku hiyo hiyo. Alikuja na mkoba wa vyuma, akidhani kuna friji ya chanjo imeharibika.

"Mama yako alipokuwa mgonjwa," Mama Vifungo alimuuliza korido, "mtoto aliambiwa nini kuhusu kuimba?"

Fundi friji alitazama chini. "Nilimwambia anyamaze. Nilimwambia kelele zinamzidishia bibi ugonjwa, asipopumzika hatapona." Akasugua uso kwa kiganja chenye grisi. "Na mama mwenyewe alikuwa ananiambia, mwache aimbe, ndiyo dawa yangu. Mimi ndiye niliyetaka kimya, mama. Nilikuwa natoka kazini nimekufa kwa uchovu."

"Basi binti yako ni mtoto mtiifu kuliko wote mtaani. Bado anatii."

Ilichukua muda kumwingia. Ilipomwingia alikaa kwenye benchi, akaweka mkoba wa vyuma mapajani akaukumbatia.

"Nikimwambia na akavunjika?"

"Atalia. Kulia siyo kuvunjika. Mimi nitakuwa hapo hapo na sindano yangu."

"Ulisema huna sindano."

"Ya kushonea, baba."

Alikuwa mtu mkubwa, hakuenea chini ya meza. Alijipinda hadi nusu yake ikawa ndani na nusu nje, buti zake zikiziba mlango, kama fundi aliyeingia nyuma ya friji. Mtoto alimtazama kwa mshangao. Mama Vifungo aliketi pembeni na koti mapajani, akipitisha uzi.

"Redio," baba akasema. Akaanza tena. "Mwanangu. Bibi hakusafiri. Nilikudanganya. Bibi alikufa. Moyo wake ulikuwa umechoka, dawa hazikuweza. Na hakufa kwa sababu ya kelele zako, unasikia? Hata kidogo. Alikuwa anapenda kuimba kwako. Alikuwa ananiambia, mwache aimbe. Mimi ndiye niliyekataa. Bibi hakukataa."

Sindano ya Mama Vifungo ilisimama katikati ya mshono.

Mtoto alikitazama kikombe. Akakiinua. Kisha mdomo ukafunguka na ikatoka sauti ambayo haikuwa neno, ilikuwa kilio kimoja kirefu cha miezi yote ile, chenye nguvu za ajabu, kikapita korido, kikapita mizani, kikafika dirisha la dawa. Mlango ukafunguliwa kwa kishindo.

"Mama! Kuna nini? Niite askari?" Ilikuwa ni dada wa mapokezi.

"Funga mlango, dada," Mama Vifungo alisema, na macho yake yamejaa. "Sauti imekaa muda mrefu, inatoka na kutu."

Baba na binti walilia chini ya meza mpaka ovaroli likalowa. Hakuna neno lililosemwa siku ile. Wala siku iliyofuata, ambayo ndiyo ilikuwa ya mwisho.

Siku ya mwisho mtoto huruhusiwa kuchagua kifungo kimoja aondoke nacho. Ilikuwa desturi ya chumba kile tangu magodoro. Redio alilipekua kopo zima mpaka chini, akaliacha. Akapiga magoti, akaingiza mkono chini ya maboksi ya mafaili, akatoka na kifungo cha kahawia chenye vumbi. Akakifuta kwenye gauni. Akamtazama Mama Vifungo, akalitazama na koti, pale palipobaki uzi unaning'inia.

Kile kilikuwa kifungo cha mama yake. Vingine vyote vya kopo ungeweza kuvipata popote.

"Ni chako," akasema.

Mtoto akakibana kwenye ngumi akaondoka. Baba alieleza mlangoni kwamba amekwenda shuleni, amemsimulia mwalimu mkuu yote, naye amekubali kuwapa muhula mmoja zaidi. "Asante, Mama Vifungo," akasema, na akashtuka aliposikia amelitamka.

Chumba kikafungwa. Kopo la farasi likaenda nyumbani, likakaa juu ya cherehani, karibu na dawa za shangazi. Mama Vifungo hakupiga simu kuuliza, hakupita shuleni. Kazi ikiisha imeisha, mtoto ana haki ya kukusahau. Ndiyo maana ya kupona. Aliyajua hayo na aliyafundisha wengine. Hata hivyo asubuhi nyingi alijikuta amesimama dirishani akisikiliza watoto wanaopita kwenda shule, akitafuta sauti asiyoijua.

Muhula ukaenda karibu wote. Baridi ikaingia. Siku moja sokoni, akiwa ameinamia vitunguu, aliona buti za fundi friji, na kando ya buti soksi mbili, moja juu, moja chini. Akafanya alivyofanya maisha yake yote. Akageuza uso, akakishika kitunguu kimoja akakikagua kama karatasi ya mtihani. Wapite. Moyo ulimwambia mtazame, na kazi ikamwambia acha.

"Mama, unanunua au unakipima damu?" muuza vitunguu akauliza.

"Shikamoo."

Haikuwa sauti ya muuza vitunguu. Ilikuwa ndogo, ya kukwaruza kidogo, na ilitoka chini usawa wa mfuko wa koti. Kitunguu kikamponyoka, kikabiringika chini ya meza.

"Marahaba," akasema Mama Vifungo, na ikambidi aiseme mara mbili kwa sababu ya kwanza haikutoka. "Marahaba, mwanangu."

Redio akaokota kitunguu, akampa. Kisha akalikagua koti kutoka juu hadi chini, vifungo vitatu na uzi unaoning'inia, kwa uso wa mtu aliyekuta kazi mbovu.

"Mbona hujashona bado?"

"Nilidhani labda utanirudishia."

"Sirudishi," mtoto akasema haraka, akaweka mkono kwenye mfuko wa gauni lake. Akafikiri. "Ila ukitaka kumsalimia, nitamleta."

"Tafadhali, mama," fundi friji akaingilia, amebeba nyanya na uchovu wa furaha, "anaimba tangu alfajiri. Jirani ameuliza kama kuna kitufe."

Wakaenda. Aliwasikia hata baada ya kupotea kati ya meza, sauti ile ndogo ikitangaza bei ya kila kitu walichokuwa wakikipita, pilipili, ndizi, sabuni, na baba anasema ndiyo, ndiyo, nimeona.

Nyumbani shangazi alikuwa ameketi karibu na cherehani, amejifunika shali.

"Hivi wewe na kisomo chako chote," akasema, "utatembea mpaka lini na koti lenye kifungo pungufu? Kopo limejaa!"

"Hakikupungua, shangazi. Kiko kazini."

"Kazini," shangazi akarudia, akacheka mpaka akakohoa. "Hata vifungo vyako vinalipwa kwa kucheza. Haya, vitunguu viko wapi?"

Mama Vifungo akatazama mikono yake. Alikuwa na kitunguu kimoja.